Kenge Katika Stoo ya Majalada

Jumatatu, 6 Mei

Wewe uliyefungua kurasa hizi, nakuomba kwa heshima zote uzifunge. Ukishindwa, soma peke yako, kisha ufe nazo moyoni. Usimwambie mkuu wangu wa kazi. Usimwambie mama yangu, ambaye amewatangazia majirani kwamba mwanawe ni mtu wa ofisi. Hasa usimwambie Mama Mihuri, karani mwenzangu wa meza ya pili, anayegonga mihuri kana kwamba anaua nzi na kuniita "mdogo wangu" ilhali tuliajiriwa mwezi mmoja.

Naogopa wanyama. Si simba tu. Simba kila mtu humwogopa. Paka. Mbuzi. Kuku akinitazama kwa jicho moja. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mimi hata huyo kunguru simsogelei.

Leo asubuhi niliingia stoo ya majalada ya zamani kutafuta jalada la bibi mmoja. Mumewe amefariki, shemeji yake anaidai nyumba, na baraza la viwanja litakaa Alhamisi. Hati ya nyumba imo ndani ya jalada hilo. Bila hati, bibi atatolewa nje na masufuria yake.

Nikanyoosha mkono kwenye rafu ya chini. Kitu kikanyoosha ulimi. Kenge. Amepenya kwenye tundu la bomba ukutani, nadhani, kutoka mtaroni. Mnene, rangi ya tope, amejilaza juu ya viwanja vya watu kama mrithi.

Nikatoka kinyumenyume, nikafunga mlango, nikamwambia bibi kwamba jalada lake linashughulikiwa.

Akasema, "Ahsante, mjukuu wangu."

Nimekula chakula cha jioni nikiwa nimepandisha miguu kitini.

Jumanne, 7 Mei

Akili imenijia nikiwa napiga mswaki. Nimebandika tangazo kwenye mlango wa stoo: CHUMBA KIMEPULIZIWA DAWA YA MCHWA. USIINGIE. Nikaligonga muhuri. Ofisini kwetu karatasi yenye muhuri haiulizwi imezaliwa wapi.

Kabla ya chai mkuu alisema harufu ni kali. Baada ya chai alikuwa anakohoa. Akaagiza madirisha yafunguliwe, akanywa maziwa, akasifu aliyepuliza kwamba hakubania dawa. Mimi mwenyewe kichwa kimeniuma hadi jioni.

Mama Mihuri peke yake hakusikia harufu. Nikamwambia pua yake imezibwa na wino.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Yangu imezibwa na wino. Yako imezibwa na nini?"

Bibi alikuja, akakaa kwenye benchi la korido. Nilimweleza habari ya dawa. Akauliza itaisha lini makali. Nikasema dawa hizi hazina haraka. Akasogea pembeni nikae, kwa kuwa, alisema, naonekana mgonjwa. Nikakaa. Mtu mwenye haya angesimama.

Jumatano, 8 Mei

Nimechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mkia.

Mbinu mpya. Nikasema kwa sauti, nikiwa nimemtazama Mama Mihuri, kwamba zamani palikuwa na makarani ambao dawa haikuwazuia kazi. Nilitegemea akasirike na anune, kisha kesho aingie kunionyesha. Hakununa. Alivua viatu vyake virefu, akajifunga kitambaa puani, akaelekea stoo.

Hapo nikaona mambo mawili kwa pamoja: atang'atwa, au hatang'atwa na atacheka. Aibu ni kwamba la pili ndilo lililonikimbiza. Nikajitandaza mlangoni mikono wazi, nikasema siwezi kuruhusu mama wa watoto avute sumu.

Mkuu akatoka ofisini kwake akaniita mfano wa kuigwa. Bibi, kwenye benchi, akasema Mungu anitunze. Nilijifungia chooni kidogo, nikanawa uso ambao haukuwa mchafu.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya baraza. Linakaa kwenye ukumbi wa mwisho wa korido. Shemeji wa bibi aliingia na suti iliyopigwa pasi na mkoba uliojaa. Bibi aliingia na mikono mitupu.

Mkuu akalichana tangazo. "Dawa imeshakufa. Ingia, kijana, mama wa watu asidhulumiwe."

Nikaazima kofia ya pikipiki ya tarishi, nikaingia. Mkuu akafunga mlango nyuma yangu, harufu isitoke.

Kenge alikuwa juu ya rafu ileile ninayoitaka. Nikamwamkia shikamoo. Sijivunii. Nikamwita mheshimiwa, nikamwomba radhi kwa kumsumbua, nikamweleza kwamba nje kuna mjane na nyumba yake ipo chini ya tumbo lake. Huko koridoni mkuu alisikia "mheshimiwa", akadhani mkaguzi amepitia mlango wa nyuma, akafunga vifungo vya shati.

Sikio la kenge si la kubembelezwa. Alivimba, akafoka kama pancha. Nikamrushia jalada. Nikamrushia mengine. Nikapanda rafu, rafu ikakataa, tukaanguka sote watatu: mimi, rafu na kenge. Mkuu akafungua mlango. Kenge akapita katikati ya miguu yake na kushika korido. Mimi nikafuata. Mashahidi wanasema nilimpita.

Niliporudi, Mama Mihuri alikuwa amepiga magoti katikati ya karatasi. Alilipata jalada la bibi, akalikimbiza barazani kabla hawajafunga. Nyumba imebaki kwa bibi.

Mimi nilikuwa bado nimevaa kofia.

Ijumaa, 10 Mei

Mkuu ameuliza kenge alitoka wapi. Nikajibu kwamba dawa ndiyo iliyomfukuza ukutani. Akasema elimu haijawahi kumtupa mtu.

Mama Mihuri alisubiri mkuu aondoke. Akasema polepole, "Mdogo wangu, ungeniambia tu. Ningeingia Jumatatu ileile."

Bora angecheka. Mwanamke mzee amekaa benchini siku zote hizo akihesabu masufuria yake, kwa sababu mimi niliogopa kuchekwa. Nimeapa: bibi akija, nitamweleza ukweli wote, usoni pake, bila muhuri.

Jumatatu, 13 Mei

Amekuja. Amevaa nguo za kutokea. Nilisimama, ukweli ukiwa kwenye ncha ya ulimi. Nilikwisha kusema, "Bibi, kuna jambo."

Akasema Mama Mihuri amemsimulia yote: jinsi nilivyopambana na kenge kwa ajili yake. Mama Mihuri alikuwa anagonga mihuri, hakuinua kichwa. Kisha bibi akainua kikapu, na kikapu kikatikisika. Jogoo mzima, mwekundu, miguu imefungwa, jicho moja kwangu. Zawadi.

Nikasema nimeitwa makao makuu sasa hivi. Nikaondoka na kalamu mkononi.

Mama Mihuri amepita kuninong'oneza. Bibi anasema hana neno, atangoja nirudi. Amekwisha kulizoea benchi letu.

Kwa hiyo ukinihitaji, usiulize mapokezi. Zunguka nyuma ya jengo mpaka kwenye dirisha dogo la choo cha wanaume. Usiniite kwa jina. Kohoa tu, kisha uonyeshe mikono yote miwili. Na usije na bibi.