Kasiksi Nilikunywa Mbele ya Kamera

Leo muji muzima imenicheka, na kosa ni yangu mwenyewe. Bandugu zangu benye muko Kampala na Dubai, musome hii mbele ya kusikia ya bengine. Niko kwa cyber hapa Butembo, naandika na kidole moja. Mutavumilia.

Munamujua Kasereka, ule kijana wa teatre. Mwaka muzima anamuomba binti yangu Masika. Mwaka muzima ninakataa. Nilisema sokoni, nikasema mbele ya kanisa, kila mutu akasikia: "Mutu mwenye anaishi na kuchekesha batu, hapana atachukua mutoto wangu!" Mi nilibeba vitunguu kwa mugongo kutoka Lubero, mpaka nikafungua magazini, duka ya mabati. Masomo niliachia mwaka ya tatu ya primaire. Neno langu ndiyo diploma yangu.

Sasa vijana bamoja ba muji banatengeneza teatre ya televizyo. Ni habari ya batu banatafuta kuwa ma-vedette, batu ba sifa, na kila siku banapata haya. (Nilicheka sana. Nilizani haya ni yao tu.) Muyisa, mwenye kamera, akakuja kwangu.

"Muzee, tunatafuta baba tajiri, mukali, anamunyima comédien, muchekeshaji, binti yake."

"Na comédien ni nani?"

"Ni Kasereka."

Donc nikaitika mbio! Nitamukatalia kwa televizyo, Beni na Butembo yote ione. Tena kazi sina: lori yangu imekwama Kirumba, barabara imefungwa juu ya mapigano.

Leo asubuhi bakaingia kwa parcelle yangu, ndani ya kiwanja ya nyumba. Mbuzi tatu za kweli. Kasereka na koti ya kuazima. Baba yake mukubwa, muzee Paluku, akacheza musemaji wao. Upande yetu nikaweka bandugu zangu ba kweli, ili na bo baonekane. Mi na kositimu na kravati, kama gouverneur.

Muyisa akaeleza: Paluku atanipa kibuyu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mi nitaimwaga chini na kusema: "Rudisheni mbuzi yenu!" Basi. Maneno tatu!

Mara ya kwanza nikasalimia kamera. "Coupez!" Muyisa akakata.

Mara ya pili nikatangaza mabati yangu. "Muzee, hii hapana publicité!"

Mara ya tatu mbuzi ikakula kravati.

Mara ya ine nilicheza muzuri kabisa, mais Muyisa alisahau kuwasha kamera. (Siku moja nitamusamehe.)

Mara hizo zote kibuyu ilikuwa na maji. Saa sita imefika, lampe zao zinanichoma kama hindi, koo imekauka.

"Sasa ya mwisho," Muyisa akasema, "na ya kweli."

Paluku akaleta kibuyu ingine. Nikasikia harufu. Kasiksi! Akapiga magoti: "Tata, tumekuja kuomba mutoto. Kama munatupokea, munywe."

Munajua desturi yetu. Baba ya binti akikunywa pombe ya baombaji mbele ya mashahidi, maneno imekwisha. Hata padiri hawezi kuirudisha.

Nikashika kibuyu. Nikainamisha. Mukono ikakataa! Kumwaga kasiksi muzuri chini? Mimi, mwenye nilitembea miaka kumi na maji ya mito tu? Nikasema ndani ya roho: nionje kidogo, kisha nitamwaga. Nikaonja. Nikaonja tena. (Ilikuwa tamu, siwadanganyi.) Nikapangusa mudomo. Kibuyu tupu.

Kisha mama Masika, bibi yangu mwenyewe, akapiga vigelegele! Bamama ba jirani bakaitikia. Hata baaskari ba barrière ya barabara, benye balikuwa banachungulia juu ya ukuta ya lupango, bakapiga kelele na Lingala yao: "Vieux ameli!" Muzee amekunywa!

"Hapana!" nikasema. "Ni teatre! Ni teatre hii!"

Paluku akasimama pole pole. "Mbuzi ni za teatre? Kasiksi ni ya teatre? Na bandugu yako hapa, ni ba teatre?"

Nikamuangalia ndugu yangu mukubwa, anisaidie. Akasema: "Mi niliona ukikunywa. Hata haukutuachia."

"Muyisa, futa ile kaseti!"

"Muzee, nifute? Ndiyo mara moja tu umecheza muzuri!"

Nikamugeukia bibi yangu. "Mulipanga hii?"

"Nani alikunywa? Mi?"

Masika anacheka mulangoni, machozi inatoka. Kasereka akapiga magoti mbele yangu, hapana kama mutu anacheza. "Baba mukwe."

"Unaniita nani?"

"Baba mukwe."

Nikatafuta hasira yangu. Nikaitafuta kweli. Haikuonekana. Kijana anajua kupiga magoti, na binti yangu sijamuona na uso ile tangu vita ianze. Nikasema: "Simama, utachafua koti ya batu."

Basi mbuzi zimefungwa nyuma ya nyumba, na siku ya mungu, Jumapili, banaonyesha teatre. Mutacheka, najua. Mucheke tu. Mais kama siku moja batawaomba mucheze baba ya binti, mukatae, muombe kucheza maiti. Maiti haipewake kibuyu.