Maskini wa Sitini na Nne

Jumatatu, 14 Oktoba 1667
Lodi Wexcombe, bwana mkubwa wa manowari, amekufa. Kafa alfajiri, mawe ya kibofu. Miaka sitini na mitatu.

Mnyapara katutangazia akiwa juu ya gogo. Misumeno yote kimya. Sijawahi kusikia karakana ya meli imenyamaza hivi.

Mtu yule! Bungeni alimpinga mfalme, kisha akasaidia kumrudisha mwana wa mfalme kwenye kiti cha enzi, na kichwa chake mwenyewe kikabaki shingoni. Manowari zote za nchi alizijua, kamba hadi mzinga. Aligonga ubavu wa meli kwa fimbo, akasema umeoza. Tukapasua. Umeoza!

Na siku namzika Margery wangu, alikuwa anapita. Akasimamisha farasi, akavua kofia. Lodi! Kwa mke wa mpasua mbao! Lazima nami nimvulie. Ila sina kofia.

Jumatano, 16 Oktoba
Njia ipo. Mkubwa akizikwa, maskini hutangulia jeneza, mmoja kwa kila mwaka wa umri wake. Kila mmoja anapewa joho jeusi na kofia. Nimekimbia kwa Pargeter, msimamizi wa nyumba ya Lodi. Kasema sitini na watatu wametimia tangu jana. Wa mwisho nani? Obadiah Crouch, mpika lami wa karakana yetu! Naye alikuwepo mlangoni, kanicheka mdomo wazi. Eti pole ndugu yangu, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Jumamosi, 19 Oktoba
Nimefikiri siku tatu. Lodi akiongezwa mwaka mmoja, nafasi inapatikana! Nimempata Bibi Hester, aliyekuwa mfua nguo kwao Lodi. Kaapa alifua nepi za Lodi malkia wa zamani akiwa bado hai, na malkia kafa Machi 1603. Basi ni sitini na minne! Nimempeleka kwa Pargeter, bibi akasema yote mbele ya wageni wa msiba. Nikaongeza sauti kwamba bibi huyu hakosei. Mjane wa Lodi akakaa chini ghafla.

Pargeter kanivuta sikio mpaka nje. Kaniuliza kama najua wazazi wa Lodi walioana lini. Sijui. Kasema miezi mitano baada ya malkia kufa. Eti mjinga mimi, nimemfanya marehemu mwana wa haramu, na mwanawe atanyang'anywa cheo. Nikamwambia mimi nilitaka kofia tu. Kanipiga teke.

Alhamisi, 24 Oktoba
Mazishi. Kila meli mtoni imepiga mzinga. Madirisha yametetemeka, ndege wameruka wote. Mungu wangu! Mtu mmoja, na mto mzima unanguruma.

Maskini wakapita. Obadiah wa mwisho, pua juu, kofia kichwani. Jeneza nyuma yake. Nikampokonya Obadiah kofia. Nikaivaa. Jeneza likafika, nikaivua taratibu, nikainama mpaka chini.

Obadiah akafoka, mwizi mkubwa wewe, lete kofia yangu! Nikamwambia nyamaza, Lodi anapita. Akanyamaza kweli. Lodi alipokwisha kupita, akachukua kofia yake, akanitandika.

Mnyapara kaniambia nisionekane karakanani mpaka Jumatatu.

Jumapili, 27 Oktoba
Jicho bado limevimba. Nimesikia kanisani kwamba Admirali Tuke anakohoa damu. Miaka sabini na mmoja! Nimeenda moja kwa moja kwa mpishi wake, nikamuuliza kama wana uhakika na umri huo, maana kwa sura yule ni sabini na miwili. Kafunga mlango. Nitamtafuta aliyemfulia nepi. Kesho narudi kazini.