Mheshimiwa na Wageni wa Bafuni

Jumamosi, 3 Mei

Mama mkwe ameondoka asubuhi kwenda kwa dada yake kutibiwa macho. Kaniachia kuku wake wanne. Pale mlangoni alinishika mkono akasema niwape maji, niwape chakula, jioni nifunge banda. Basi. Kisha akaongeza polepole, kama anayeongea na mtu aliye mbali: "Mwanangu, usibuni kitu."

Sikubuni. Nimenunua tu. Mitetea sita, weupe, wachanga, bado hawajaanza kutaga. Jirani yetu seremala ana mayai ya kugawa, na kila akimletea mama mkwe bakuli la mayai hunitazama mimi. Kuku wetu wazee hutaga wanapojisikia. Mama mkwe akirudi na macho yake mapya, nataka aone banda limejaa. Kwa mkono wa mkwewe.

Mke wangu alisema kuku wageni hawaingizwi hivyo. Kwanza watengwe kwa wavu, waonane siku kadhaa bila kugusana, ndipo wachanganywe. Nikamkumbusha kwamba mimi ni kinyozi. Kila siku nakalisha watu wasiofahamiana kwenye benchi moja, na hakuna wavu. Nikawamwaga bandani.

Jike mkubwa mwekundu, ambaye mama mkwe anamwita Mheshimiwa, alisimama. Akawakagua mmoja mmoja. Kisha akaanza kazi. Aliye mdogo kuliko wote alidonolewa kichwani hadi damu. Wengine wakajibana kwenye kona, huyu juu ya yule. Nilipoingiza mkono kuamua ugomvi, nikadonolewa mimi.

Wageni wamelala bafuni. Mke wangu ameoga wakimtazama.

Jumapili, 4 Mei

Mteja mmoja aliwahi kuniambia nguruwe hukubaliana wakinukia sawa. Kuku naye ana pua. Nikachukua manukato ya kazini, yale ninayowapulizia wateja shingoni baada ya kuwanyoa, nikapuliza kuku wote, wenyeji na wageni. Nikawakutanisha.

Walipiga chafya. Halafu wakapigana, tena kwa ari mpya. Mheshimiwa alimfukuza kila aliyenukia, nikiwemo mimi.

Seremala akachungulia juu ya ua. Akauliza kwa upole kama tuna harusi.

Wageni bafuni tena. Manyoya kwenye mswaki wangu.

Jumanne, 6 Mei

Wazo la leo lilikuwa zuri. Bado naliona zuri. Mheshimiwa anataka mtu wa kupigana naye, basi apigane na nafsi yake. Nimeng'oa kioo kikubwa cha kazini nikakiegemeza ndani ya banda.

Hakupigana. Alijipenda. Kutwa nzima amesimama mbele ya kioo akigeuza shingo huku na huku. Hali, hanywi. Kuku wa pili kwa cheo, yule wa madoadoa, akaona kiti kiko wazi. Ni mkali kuliko Mheshimiwa, kama walivyo makaimu wote. Wageni nikawatoa mbio.

Kazini nimenyoa bila kioo. Mteja wa kwanza aliondoka akinishukuru sana. Alirudi baada ya kupita nyumbani kwake. Alikuja na kaka yake.

Jumatano, 7 Mei

Kioo kimerudi mahali pake. Mke wangu ameligawa banda katikati kwa wavu, wageni upande huu, wenyeji upande ule, kwa sababu anadai bafu ni la kuogea. Sikumzuia. Ule wavu ni mapambo tu. Tatizo letu ni uongozi.

Kwa hiyo nimeamua kumhamisha Mheshimiwa. Akikaa ugenini siku chache, atarudi akiwa mgeni yeye, na adabu itakuwa imemwingia. Ila mwenye nafasi ya kumpokea ni seremala peke yake. Kumwomba kuliniuma. Nilianza na habari za mvua, nikapitia ubora wa mbao za siku hizi, ndipo nikafika kwa kuku. Akasema hapana shida, jirani, nimfunge kamba karakanani kwake. Alitabasamu mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi, 8 Mei

Mheshimiwa hayupo.

Seremala anasema alifungua karakana asubuhi akakuta kamba tu. Nimefunga kazi. Nimetafuta chini ya mbao, kwenye mtaro, kwa muuza mboga, juu ya paa la jirani wa nyuma ambaye hatusemezani. Leo tumesemezana.

Mchana mama mkwe akapiga simu. Macho yanaendelea vizuri, anarudi Jumamosi. Akauliza kama Mheshimiwa hajambo. Nikajibu hajambo, amelala.

"Amelala? Mchana huu?"

Nikasema kuna joto. Akanisimulia jambo ambalo sikulijua. Yai alimotoka Mheshimiwa lilisuswa na mama yake. Marehemu baba mkwe, wakati huo tayari anaumwa, ndiye aliyeliokota. Akaliweka ndani ya boksi chini ya taa, kando ya kitanda chake, akawa analigeuza mwenyewe mpaka likapasuka.

"Ndiyo kazi ya mwisho aliyoimaliza," alisema. "Yule kuku akitetea asubuhi, najua kumekucha."

Simu ilipokatika nilikaa juu ya ndoo uani. Nilikaa sana. Mke wangu akaja akachuchumaa kando yangu. Nilitegemea anisute. Aliniambia tu niinuke, bado hatujatafuta upande wa barabarani.

Ijumaa, 9 Mei



Asubuhi seremala alipakia kabati jipya kwenye mkokoteni kumpelekea mteja wake, mama mmoja fundi cherehani wa mtaa wa pili. Nikabaki karakanani kupekua maranda. Pale kabati lilipokuwa limesimama, sakafuni, nikaona manyoya mekundu. Na kinyesi cha kuku.

Nilikimbia kama mwizi. Nilipofika, kabati liko chumbani na mama cherehani amekwisha kuanza kupanga nguo. Sikupiga hodi. Nikapita katikati yao nikavuta droo ya juu. Tupu. Ya kati, tupu. Ya chini iligoma, nikaivuta kwa mikono miwili. Ndani, juu ya kitanda cha maranda, Mheshimiwa. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Mama cherehani akamgeukia seremala. "Fundi, huyu anakuja na kabati, au ni wa kuazima?"

Seremala hakucheka. Alikuwa anajifuta uso kwa kofia yake. Akakumbuka kwamba jana, kabla ya kuona ile kamba, alikuta droo ya chini iko wazi akaisukuma kwa goti bila kutazama. "Nisamehe, jirani," akaniambia. "Nimemtafuta mpaka ndani ya kopo la gundi. Usiku sikupata usingizi." Sikuwa najua kwamba seremala ana roho.

Chini ya Mheshimiwa palikuwa na yai. Yai tukamwachia mama cherehani kwa usumbufu. Nimembeba kuku kifuani hadi nyumbani, akinidonoa kila hatua. Sijawahi kudonolewa nikafurahi hivi.

Jumamosi, 10 Mei

Mke wangu aliondoa wavu asubuhi. Niligeuka nisione. Kimya. Nikageukia banda tena. Mheshimiwa alimdonoa mmoja kidogo, kama anayegonga muhuri, kisha wote wakainama kula.

Mama mkwe aliingia mchana, miwani mipya usoni. Nikamwamkia. Akaitikia, akapita moja kwa moja hadi bandani.

"Hawa weupe sikuwaacha."

"Hukuwaacha, mama."

"Na wavu ule uliokunjwa pale, ni akili ya nani?"

"Ya binti yako."

"Nilijua."

Akainama. Mheshimiwa akaja mbio, na nyuma yake yule mdogo mwenye kovu kichwani, akimfuata kama mkia. Mama mkwe akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka, na mke wangu aliingia ndani ghafla akidai ana chungu jikoni. Hakuwa na chungu jikoni.

Jioni wamelala wote kwenye ufito mmoja, wageni na wenyeji. Nimepumua hadi chini kabisa ya mapafu. Habari za droo sikumwambia. Seremala naye ameapa.

Jumapili, 11 Mei

Nimetulia, nimetafakari. Ukiliangalia jambo zima bila upendeleo, mpango wangu wa kumhamisha kiongozi ndio uliofanya kazi. Wavu ulikuwepo tu wakati huo.

Seremala, ambaye sasa ni rafiki, anaye bata mzinga dume anayetafuta makao. Mke wangu amesema tumtenge kwanza. Mama mkwe ameniangalia tu kupitia miwani, muda mrefu.

Namwingiza kesho asubuhi wakiwa wanakula. Bata mzinga ni mpole. Uso wake tu ndio umekaa vile.