Mazoezi ya Kwenda Ujerumani kwa Ndege

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Nimechaguliwa! Usharika wa kanisa letu unapeleka mzee mmoja Ujerumani. Mzee ni mimi. Si Naftali! Yeye alikwenda mwaka juzi, akarudi masikio yameziba, mdomo umezibuka. Nitamwona mwanangu Elimringi. Miaka tisa yuko huko, minne bila barua. Kimebaki cheti cha daktari tu.

Naftali kaja. Eti ndani ya ndege unakunjwa masaa kumi kama kuku wa sokoni, damu inalala miguuni. Eti mzee mwenzangu, uwe unainuka unatembea. Nikamwambia nimezaliwa Meru, hewa ya juu ndiyo maziwa yangu.

Jumatano, 6 Septemba

Akili ninayo! Mazoezi hapa hapa nyumbani. Nimekaa kwenye kigoda katikati ya magunia mawili ya kahawa, magoti kidevuni, suti ya mtumba, kamba ya mbuzi kiunoni ndio mkanda. Masaa kumi! Sikuinuka. Maji sikugusa, nisije nikaomba choo. Mama Elimringi kapita na loshoro, mahindi na maziwa mgando, kauliza mzee umeadhibiwa na nani. Mwanamke hajui mambo ya anga.

Alhamisi, 7 Septemba

Mguu wa kushoto umevimba kama mgomba. Kiatu kimekataa. Hiyo ni nguvu inaingia. Leo masaa kumi na moja!

Ijumaa, 8 Septemba

Hospitali ya Themi, kwa daktari. Binti mdogo, Diana. Shikamoo babu, adabu tele. Kabonyeza mguu, shimo la kidole likabaki. Kauliza nilikaa wapi. Nikaeleza kwa fahari. Kisha eti damu imeganda mshipani, ikipanda mapafuni nakufa. Nilazwe leo leo. Ndege marufuku. Nikamwambia mimi nimefaulu masaa ishirini na moja, yeye mangapi? Cheti kaninyima.

Jumapili, 17 Septemba

Bado wodini. Anakwenda Naftali! Kaleta maziwa mgando. Kauliza kwa upole ampelekee Elimringi salamu gani. Nikageukia ukutani. Nikamwambia asiseme neno, salamu zangu nitapeleka mwenyewe.

Jumamosi, 30 Septemba

Nyumbani. Asubuhi ndege imepita juu ya migomba. Labda ya Naftali. Sikutazama. Nilitazama kidogo.

Daktari alisema nitembee kila siku. Atembee yeye. Kosa nimeligundua: kigoda kilikuwa kifupi. Nimeazima kiti cha kanisani. Mama Elimringi kaficha kamba ya mbuzi. Ipo ya ng'ombe.

Leo masaa kumi na mbili.