Kuhusu Ule Mti Mliouandika Jina

Kwa Mkuu wa Kitalu cha Miche, ambaye pia ni shemeji yangu,

Salamu sana. Nakuandikia kama mganga wa mitishamba, si kama mume wa mdogo wako, kwa hiyo tusichanganye mambo. Nilipita kitaluni kwenu kununua miche ya nyanya, nikauona ule mti (jina silitaji, kwa sababu za kikazi) umejipanga safu nzima kwenye makopo ya rangi. Nyanya nikazisahau palepale. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeuandika jina. Wagonjwa wangu wote wanajua kwamba mti huo ukitajwa jina hutoroka. Ninyi mmelibandika kwa herufi kubwa nyeupe, na mti umetulia tuli. Sasa watu niwaambie nini?

2. Kibao chenu kinasema mti "unakaribia kutoweka", kisha mnauzidisha kwa makusudi! Mimi nimetoka jasho kuufanya uwe adimu. Dawa inayoota mlangoni nani ataiheshimu? Mgonjwa akihangaika kuitafuta, nusu ya ugonjwa huishia njiani.

3. Mnawafundisha watu kuchuma majani machache na kuliacha gome. Jana fundi cherehani, mgonjwa wangu wa kikohozi tangu zamani, kanisalimia kwa sauti safi kutoka ng'ambo ya barabara. Ana mche dirishani. Sikukasirika, shemeji, niliumia.

4. Mkiachwa hivi hivi, kila nyumba itakuwa na mti, kila mama atakuwa mganga, kikohozi kitakwisha, na tutakaobaki hatarini kutoweka ni sisi waganga. Je, sisi mtatuotesha kwenye kopo gani?

Naomba basi miche yote ing'olewe, au angalau ifichwe nyuma ya choo na kupewa jina la uongo. Majina ninayo.

Msalimie mumeo, watoto, mlinzi wa getini, na yule bibi wa kumwagilia maji aliyenicheka.

Wako katika kuilinda fani,
Mganga

N.B. Nikiwa nafunga barua hii, mdogo wako kifua kimembana tena. Nimekimbilia mlimani kwenye mti wangu. Umekauka. Gome limechunwa kuzunguka shina lote, na njia ya kule naijua mimi peke yangu. Shemeji, naogopa. Mpe huyu mwendesha pikipiki majani ya kuchemsha leo, na mche mmoja, la, miwili. Uniandikie na namna ya kuipanda, maana miaka yote hii mimi nimejua kuchuna tu.