Kinga ya Sumu Yafika Ulyankulu

Sixbert wa Kanyenye aliwaona wakulima wa tumbaku wakipulizia dawa ya wadudu vifua wazi, jioni wakitapika na kusingizia jua. Mwingine angeona huruma. Yeye aliona soko.

Siku ya gulio akatua Ulyankulu na sanduku la chupa za "Kinga ya Sumu": maji ya rosela, sukari, na chumvi kidogo ili mteja akunje uso na kuamini. Mchezo wake ulikuwa mmoja. Anajaza bomba la mgongoni maji yenye maziwa yafanane na dawa, anajipulizia hadharani, anaanguka, anapiga funda la Kinga, anafufuka. Ufufuko huo ulikuwa umemlisha kutoka Itetemia hadi Ziba.

Asubuhi aliuza mpaka mfuko wa suruali ukavimba. Kisha bomba lake likapasuka, akaazima la mkulima mmoja, mzee Leopoldi.

"Halivuji, baba?"

"Hata tone."

Sasa, kule bomba huzunguka nyumba kwa nyumba, na kulirudisha tupu ni uchoyo: dawa iliyobaki chini huachiwa mwenzako. Sixbert, mtoto wa mjini, hakuujua ustaarabu huo. Akamimina maziwa yake juu ya dawa hiyo. Harufu ikampiga, akalaumu uzee wa bomba.

Akajipulizia uso, kifua, mikono. Akaanguka, watu wakashangilia. Mate yakamtiririka, jasho likamlowesha, misuli ikamcheza yenyewe. Wakashangilia zaidi.

"Huyu kijana anajua!" Leopoldi akasema, akamwinamia na chupa aliyoinunua mwenyewe. "Kunywa, mwanangu, ufufuke."

Sixbert akabana meno. Mganga hajigangi. Kifua kilikuwa kimembana, na aliogopa kufa, akaogopa kwelikweli, katikati ya makofi.

Mama Esperansi, muuza sabuni, akamtazama machoni. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama tundu la sindano.

"Macho hayaigizi! Leopoldi, toa hiyo chupa. Asinyweshwe kitu, wala maziwa, wala asitapishwe. Mlazeni ubavu."

Akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akamvua nguo zote, suruali ikiwemo, mbele ya gulio zima. Akamwosha kwa sabuni na maji tele, nywele mpaka kucha, akamfunika kitenge. Pikipiki ikamkimbiza kituo cha afya, nyuma yake mwingine kabeba kopo la dawa ya Leopoldi ili mganga asome lebo.

Alipopata nafuu, Esperansi akamletea uji, miguuni ana buti mpya za mpira.

"Shikamoo, mama. Umeniokoa."

"Marahaba, mwanangu."

"Na... suruali yangu?"

"Tumeizika. Nguo ya sumu haiachwi watoto waichezee."

"Mfukoni je?"

"Akina mama wote wa jumuiya wamepata buti na glavu. Wanakusalimu."

Sixbert akainuka kitandani. "Mama, huo ni wizi!"

"Polisi ni hapo mbele, nitakusindikiza. Utawaeleza zile hela ulizipataje."

Sixbert akajilaza taratibu, akapokea kikombe.

"Uji mtamu, mama," akasema.