Kompyuta ya Nairobi Imezuia Ng'ombe za Alupo

Kwa Mkubwa wa Kompyuta za Vibali vya Mifugo,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Basi kompyuta yako ikanyamaza tena. Dancan, yule wa dirisha la vibali hapa Malaba, akashika kichwa, mimi nikashika kiuno, na ng'ombe za mahari ya mjukuu wangu Alupo zikabaki kwa boma ya serikali. Zimeshavuka kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka, lakini hazina ruhusa ya kufika kwangu Kocholia. Na ng'ombe zisipoingia nyumbani, hakuna harusi.

Mimi ni Amuge. Sikusoma, naongea tu. Anayeandika ni Edinah wa fotokopi, na ananiambia malalamiko huwekwa namba.

La kwanza. Kompyuta yenye vibali iko huko kwako, ni mzee sana, na skrini zake zote zilishakufa. Sasa hii mpya ya hapa imewekwa programu ya kujifanya skrini ya zamani, ndio mzee akubali kuongea nayo. Mheshimiwa, huo ni uongo! Ingawa mimi pia nilivaa wigi ya Alupo siku ya kupokea wakwe, ikaanguka kwa sufuria ya kuku. Hiyo tuiache.

La pili. Hiyo programu inajifanya vibaya. Mzee akichora mistari ya fomu, hapa inatokea q q q na x x x skrini nzima. Dancan akikosea jina, akifuta, haifuti, inaongeza. Emorut, bwana harusi, sasa ameandikwa Emorit, na nyuma yake alama kama nyayo za kuku. Nikamwambia Dancan achague aina ingine ya skrini. Usinione hivi, nimekaa hapo dirishani mpaka nikajua. Akachagua, mistari ikakuja sawa, nikapiga kigelegele. Furaha ikamzidi, akabonyeza vile vitufe viwili vya kuhifadhi kazi, vile amezoea kwa kompyuta za kisasa. Kumbe kwa mzee hiyo ni kumwambia nyamaza! Naye akatii.

La tatu, ama ni la nne, Edinah utaangalia. Dancan akazima, akawasha, akataka kuingia upya. Mzee akakataa, eti Dancan tayari yuko ndani. Nikasema, "Boss, mwambie uko huku nje na mimi, nakuona kwa macho."

La mwisho ni heshima. Mzee alipokubali na kuuliza jina, nilimwambia Dancan aanze na salamu ya kwetu, huwezi kuingia kwa mtu mzima ukidai vibali tu. Akaandika, "Yoga, habari ya huko, tumetumwa na Amuge wa Kocholia." Mzee akajibu hamjui mtu kama huyo. Tukarudia kwa upole, na tena kwa upole zaidi. Akafunga mlango. Dancan akaniangalia, akasema, "Mama, virusi ni wewe."

Mheshimiwa, wazee wa Emorut waliokuja na ng'ombe wanalala kwangu. Wamemaliza kuku, na jana wameanza kunong'ona labda Alupo ana mkosi, ng'ombe zirudi Tororo. Mtoto ameacha kula. Hiyo ndiyo inaniuma.

Kwa hivyo naomba hiyo kompyuta iletwe kwangu. Wakati wa mvua nitaiweka karibu na moto. Tutaelewana, tuko sawa: ukiniambia maneno mawili mara moja nanyamaza, na watu walioondoka kitambo bado nadhani wako ndani ya nyumba. Kama haiwezi kusafiri, basi niajiri mimi niwe skrini. Mimi ni wa zamani kabisa, sijifanyi.

Nisalimie mke wako, watoto, fundi, na huyo mzee mwenyewe, hata kama hanijui.

Ni mimi mama yako wa mpakani,
Amuge (kidole gumba).

N.B. Edinah, usifunge bahasha. Omagor ndugu yangu, anayelinda ng'ombe kule boma, amekuja mbio: ile nyekundu imezaa! Mheshimiwa, ndama amezaliwa Malaba, ni Mkenya, Dancan anasema hahitaji kibali chochote. Wakwe wamecheka mpaka machozi, wamesema huyu akikanyaga kwangu leo, mahari imeanza kuingia, harusi isonge. Ng'ombe wangu wa maziwa atamnyonyesha. Na Omagor anasema zingine mbili zina mimba. Kwa hivyo fundi wako asiharakishe, tafadhali. Kama ameshafika, mpe chai kwanza, mwulize habari ya kwao polepole, na hiyo kompyuta muiache hivyo hiv… Nakuja, Omagor! Mshike vizuri, asianguke!